Kijana wa sekondari au wa ndondo? Kusaka wachezaji wa timu ya chuo jijini Mwanza

Timu ya chuo ikishapigwa misimu miwili mitatu mfululizo, kikao cha michezo hubaki na hoja moja: tutafute wachezaji. Ugomvi huanza pale mtu anapouliza watafutwe wapi. Kwa vyuo vya Mwanza, kuanzia vile vya upande wa Nyegezi na Butimba hadi vya Nyakato na Ilemela, kuna njia mbili zinazovutana. Ya kwanza ni kwenda kwenye shule za sekondari zilizokuzunguka ukamfuata kijana anayemaliza kidato cha nne au cha sita. Ya pili ni kwenda kwenye viwanja vya mtaani, Igoma, Mabatini, Kirumba, Buhongwa, ukamchukua mchezaji wa ndondo, yaani mashindano ya mpira wa miguu ya mtaani, ambaye jina lake tayari linaimbwa na mashabiki.

Nimekaa kwenye benchi la timu ya chuo kwa miaka kadhaa na nimeona njia zote mbili zikitumika. Namwandikia kocha, mlezi wa michezo au waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi aliyekabidhiwa timu dhaifu, jezi pungufu na bajeti ndogo. Kipaji nakiheshimu, ila kwa timu iliyoanguka nina kipimo kinachotangulia kipaji: huyu mchezaji mwakani atakuwa bado yupo chuoni? Timu inayosajili upya kila mwaka haitoki mkiani, hata ikiwa na nyota watatu.

Mlango wa darasani

Mchezaji wa chuo ni mwanafunzi kwanza. Vyuo vikuu vinacheza chini ya TUSA, vyuo visivyo vikuu vina SHIMIVUTA, vyuo vya ualimu vina UMISAVUTA, na popote unapokwenda mchezaji anatakiwa awe amesajiliwa kihalali na ana kitambulisho cha chuo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza anacheza namba ngapi, uliza ana matokeo gani ya kidato cha nne.

Astashahada inataka ufaulu usiopungua D nne, bila kuhesabu masomo ya dini. Kozi za afya na ualimu zina masharti makali zaidi, usimwahidi mtu nafasi huko kwa kukisia. Kwa shahada ya moja kwa moja, kijana awe amefaulu angalau masomo mawili ya tahasusi yake kidato cha sita, jumla ya pointi zisizopungua 4, au apitie stashahada yenye GPA ya kuanzia 3.0.

Hapa ndipo kijana wa sekondari anapoanza kuongoza, lakini si kila kijana wa sekondari. Mwenye C tatu na kuendelea ana nafasi ya kuchaguliwa kidato cha tano, na tangu mwaka 2022 serikali imeondoa ada hadi kidato cha sita. Ukienda kumshawishi huyo aache masomo yasiyo na ada aje alipe ada kwako kwa sababu ya mpira, unampotezea muda na pengine unamharibia maisha. Mwache aende. Kama chuo chako ni chuo kikuu, mfuatilie baada ya kidato cha sita.

Kijana wa kumtafuta ni yule mwenye D nne, tano au sita ambaye C zake hazikufika tatu. Amemaliza mtihani Novemba, matokeo yametoka Januari, jina lake halitakuwepo kwenye orodha ya kidato cha tano, na nyumbani wameanza kumtazama kwa jicho la "sasa wewe utafanya nini?" Wapo wengi kwenye kila kata ya Nyamagana na Ilemela. Wamecheza UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, wana umri wa miaka 17 au 18, na hakuna anayewapigia simu. Akianza astashahada mwaka mmoja, kisha stashahada miaka miwili, umempata kwa misimu mitatu. Hakuna usajili mwingine utakaokupa misimu mitatu kwa uhakika huo.

Mchezaji wa ndondo ana habari ndefu zaidi. Nimewaona wa aina tatu. Kuna mwenye D nne zake, alimaliza shule miaka minne iliyopita, akakosa ada na akasahau kabisa kwamba ana sifa. Huyo ni lulu, na mara nyingi yeye mwenyewe hajui. Kuna mwenye D mbili au tatu ambaye itabidi arisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea. Huyo ni mpango wa mwaka mzima, wala usimhesabu kwenye kikosi cha msimu huu. Kuna aliyeacha shule njiani, ambaye atatakiwa kuanza na mtihani wa maarifa ndipo afike kwenye mtihani wa kidato cha nne. Wa tatu huyo mpe njia ya mafunzo ya ufundi ya VETA au ya elimu ya watu wazima kwa ajili ya maisha yake, lakini usimdanganye kwamba Septemba atavaa jezi yako.

Halafu kuna karatasi. Mtaani anajulikana kwa jina la utani, kwenye matokeo ana jina la babu, kwenye kitambulisho cha taifa lipo jina la tatu. Cheti chenyewe huenda bado kiko shuleni hakijachukuliwa. Majina yakitofautiana anahitaji hati ya kiapo, na hilo linakula muda na nauli. Anza kushughulikia makaratasi ya mchezaji wa ndondo miezi mitatu kabla ya dirisha la udahili kufungwa. Kwa kijana aliyetoka shule mwaka huu kazi hiyo karibu haipo, mkuu wake wa shule yupo na kumbukumbu zake ziko palepale.

Saa kumi jioni

Mazoezi ya vyuo vingi ni saa kumi jioni. Hapo ndipo tofauti ya pili inapojitokeza, na inaumiza kuliko ya kwanza.

Mchezaji wa ndondo ni mtu mzima anayejitafutia. Ana pikipiki ya mkataba na hesabu ya bosi kila jioni, anabeba mizigo Mwaloni, yuko gereji Nyakato, anavua. Saa kumi kwake ndiyo saa ya pesa. Ukimwambia aache abiria aje kukimbia kuzunguka koni, mpe sababu. Ndondo zenyewe humlipa akicheza: nauli, kiasi fulani mfukoni, na wakishinda mgawo wa zawadi. Chuo hakimlipi kucheza, na hakitakiwi. Kwa hiyo atakuja siku ya mechi na kukosa Jumanne na Alhamisi, na wale vijana wadogo wanaokuja kila siku wataanza kujiuliza kwa nini wao wanafanya mazoezi.

Naomba niseme kidogo kuhusu wavuvi, kwa sababu makocha wanaotoka mikoa ya mbali hulikosea hili. Dagaa wa ziwani huvuliwa siku za giza, taa zikawavuta wakaja juu. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazina nguvu na mitumbwi hupumzika ufukweni. Kijana wa Igombe, Kayenze au Luchelele anayefanya kazi kwenye mtumbwi wa dagaa atakuwa mazoezini kila siku wakati wa mwezi mkubwa, kisha giza likiingia atapotea, na akionekana atakuwa hajalala. Huo si utovu wa nidhamu. Ukimwadhibu kwa hilo umempoteza. Panga mazoezi mazito na mechi za kirafiki kufuata mwezi, siku za giza mpe kazi nyepesi, na mapema kabisa mwambie wazi kwamba akishaanza masomo usiku wa ziwani na kipindi cha saa mbili asubuhi havitakwenda pamoja mwaka mzima.

Kijana wa sekondari saa kumi yupo. Tatizo lake ni umbali. Akiwa anaishi Buhongwa na chuo kiko Ilemela, ni daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na mazoezi yakiisha magharibi mzazi atalalamika kwa haki. Ndiyo maana nasisitiza shule za jirani. Chora duara la mwendo wa daladala moja kutoka chuoni kwako, zitaje sekondari zote zilizo ndani yake, na usitoke nje ya duara hilo hadi umezimaliza. Wa mbali mchukue ikiwa tu chuo kina kitanda cha hosteli.

Uwanjani

Kwa siku ya leo, mchezaji wa ndondo ni bora. Hilo sitalificha. Amekomaa mwili, amezoea kucheza na watu wazima, na amezoea kelele za mashabiki waliosimama hadi kwenye mstari. Viwanja vya Jiji la Miamba vimemfundisha kuulinda mpira unaodunda hovyo juu ya changarawe. Ukimpeleka uwanja wa Nyamagana kwenye nyasi bandia anacheza kama amepewa miguu mipya.

Tena ndondo za Mwanza si za wacheza chandimu. Tazama yaliyoupata mkoa huu. Toto Africans ilishuka Ligi Kuu mwaka 2017. Mbao na Alliance zikashuka pamoja mwaka 2020. Gwambina ya Misungwi, iliyopanda mwaka huohuo, ikashuka 2021. Ilibidi tusubiri mpaka 2024 Pamba Jiji ilipopanda. Kila klabu inaposhuka huacha nyuma wachezaji waliofundishwa vizuri ambao hawana pa kwenda, na wengi wao walirudi mitaani. Ukisimama pembeni ya uwanja wa ndondo jioni ya Jumapili unaweza kumwona beki aliyewahi kufundishwa kukaba kwa mpangilio, na ukamtambua ndani ya dakika tano.

Lakini ndondo ina tabia zake. Kila mtu anataka mpira mguuni, kwa kuwa chenga ndiyo inayomfanya aalikwe tena wiki ijayo. Utapata mawinga na namba kumi wa kumwaga, na utahangaika kupata beki wa pembeni anayerudi. Makipa wa ndondo, kwa upande mwingine, nawasifu. Ukiwa na nafasi moja tu ya kumchukua mtu wa mtaani, mchukue kipa. Kipa wa miaka 23 aliyecheza mchangani huwapa utulivu mabeki wadogo walio mbele yake, na kijana wa miaka 17 hawezi kukupa hilo.

Kijana wa sekondari miezi sita ya kwanza atasukumwa. Atapoteza mipira ya juu na ataogopa kurusha mguu. Usimtukane kwa hilo. Anachokuja nacho ni utii wa mafunzo: ukimwambia akae namba mbili asipande, anakaa. Mwaka wa pili mwili unajaa, na hapo timu yako inaanza kuwa na sura. Aliyeifuatilia Mbao FC mwaka 2017 anajua ninachosema. Chini ya kocha Mrundi Etienne Ndayiragije, kikosi cha vijana ambao nchi haikuwajua kilifika fainali ya Kombe la Shirikisho pale uwanja wa Jamhuri, Dodoma, na kuilazimisha Simba kwenda hadi muda wa nyongeza kabla ya kufungwa 2-1. Majina yalikuja baadaye. Kilichotangulia ni vijana waliokubali kucheza kwa pamoja.

Tahadhari moja kwa upande wa shule: vijeba. Yule anayewaangusha wenzake wote kwenye UMISSETA ngazi ya wilaya huenda ana umri wa kuwafundisha. Ukimchukua kwa kudhani ana miaka 17 na bado atakua, umepata mchezaji aliyekwisha kukua. Muulize mwalimu wa darasa kwa utulivu, usimuulize mwalimu wa michezo aliyemleta.

Ada, na mazungumzo ya sebuleni

Ukimfuata kijana wa sekondari, unaongea na mzazi. Vaa vizuri, nenda mchana, amkia kama mtu aliyelelewa, kaa ukae. Mama mmoja wa Mkolani alinisikiliza nikimsifia mwanawe kwa muda mrefu, kisha akasema: "Mwalimu, mpira sijaukataa. Nataka kujua ada analipa nani." Tangu siku ile naanza na ada, kipaji nakitaja mwishoni.

Na jibu la ada si rahisi. Mikopo ya serikali kupitia Bodi ya Mikopo inawalenga zaidi wa shahada, na hata stashahada zilizofunguliwa ni za fani maalumu. Wa astashahada ajue familia ndiyo italipa. Chuo kidogo kinaweza kuruhusu kulipa kwa awamu, kutoa kitanda, kupunguza kiasi fulani, au kumpa kijana kazi ya muda chuoni. Chochote kitakachoahidiwa kiwe kimeandikwa na kusainiwa na uongozi kabla hujaingia kwenye nyumba ya mtu. Kocha asiahidi kwa mdomo wake. Nimeona vijana wakirudishwa nyumbani kipindi cha mitihani kwa sababu ya ahadi ya mdomo, na sijui kitu kinachoiua timu haraka kuliko hicho, maana mwaka unaofuata mtaa mzima unakuwa umeshasikia.

Mchezaji wa ndondo anajiamulia mwenyewe. Hilo linaonekana jepesi, ila mara nyingi ana mtoto au wadogo zake wanaomtegemea. Swali lake halitamkwi: nikikaa darasani miaka mitatu, nyumbani watakula nini? Kama chuo chako kina masomo ya jioni, hapo ndipo pa kumshika. Kama hakina, uwezekano wa kumaliza ni mdogo, na ni heri umwambie ukweli.

Njia nyingine

Wa akademi sitawazungumzia sana. Mwanza tuna Alliance pale Mahina, na vijana wake wamefundishwa vizuri kuliko wengi nchini, lakini ndoto ya kijana wa akademi ni Ligi Kuu. Klabu ikimwita katikati ya muhula ataondoka, na ana haki. Akija chuoni kwa ajili ya masomo yake mpokee kwa mikono miwili. Usiifanye timu imtegemee.

Waliopo tayari chuoni ndio wanaosahaulika. Wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya, fanya majaribio ya wazi, yatangaze kwenye kila darasa, na yarudie baada ya mwezi kwa wale walioona aibu mara ya kwanza. Ada yao imeshalipwa na kitambulisho wanacho.

Mamluki usiwaguse. Najua presha ya mkuu wa chuo anayetaka kombe, na najua vyuo vingine vinafanya. Mtu anayevishwa kitambulisho cha mwanafunzi mwingine akigundulika, pointi zinakwenda, na aliyetoa kitambulisho chake anaweza kupoteza masomo kwa mechi ya dakika tisini. Wanafunzi wako halisi waliokaa benchi kumpisha wanajua kila kitu.

Ningechagua hivi

Chuo kikiwa na mashindano ndani ya miezi michache, wachambue kwanza waliopo darasani, kisha ongeza wachezaji wawili au watatu wa ndondo wenye D nne mkononi, mmoja wao awe kipa. Kikiwa na subira ya misimu miwili, nguvu karibu zote zielekee sekondari za ndani ya duara lako. Mimi ningechagua hii ya pili hata kama mwaka wa kwanza tutafungwa tena, na ningemwambia mkuu wa chuo hivyo mapema, kwa maandishi. Wale wa ndondo wasizidi robo ya kikosi, la sivyo mazoezi ya Jumanne yatakufa.

Kwa timu ya wasichana hesabu ni nyingine kabisa. Ndondo zao ni chache mno, kwa hiyo shule ndiyo njia karibu pekee. Ndugu wa binti atataka kumjua mlezi wa kike wa timu kabla ya kumjua kocha, basi awepo kweli, na aende naye kwenye kila safari.

Nenda kuwatazama kwenye UMISSETA ya ngazi ya kata na wilaya, kabla ya ile ya mkoa ambako kila mtu huenda. Chukua jina, shule, na namba ya simu ya mzazi, kisha subiri matokeo ya Januari. Sengerema na Buchosa zimesogea tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa Juni 2025. Kijana anaweza kuja kwenye majaribio na kurudi kwao siku hiyohiyo bila kuombea kivuko kisichelewe. Ukerewe bado ni safari ya meli ya saa kadhaa, kwa hiyo usiwaite, panda wewe uende Nansio ukafanye majaribio kwao. Popote utakapoyafanya, mchukue na mtu wa ofisi ya udahili. Akae pembeni ya uwanja na fomu zake, na kijana akitoka kubadilisha jezi aonyeshe matokeo yake hapohapo, ajibiwe anafaa kozi gani na ada yake ni kiasi gani, ili jioni ile aende nyumbani na karatasi ya kumwonyesha mama yake.